Binti yako anawaacha wavulana kwenye mchakamchaka? Fanya hivi kabla watu hawajamharibu

Mbukwenyi wazazi na walimu wa michezo wa Dodoma, Singida, na huko Manyoni na Kondoa kote. Hii naiandika kwa yule mwenye mtoto wa kike ambaye kwenye mchakamchaka wa asubuhi anawaacha hata wavulana, au amerudi na zawadi ya madaftari kutoka mashindano ya kata na sasa ukoo mzima unasema huyu ndo atatutoa. Inawezekana kabisa akawatoa. Ila mabinti wengi wenye mbio hapa kwetu wanapotelea kati ya miaka 13 na 18, na sio kwamba kipaji kimeisha, ni kwamba watu wazima wana haraka nao. Kwa hiyo karibu kila kitu ntakachokwambia hapa ni namna ya kupunguza haraka, kama unatafuta ratiba ya kumpata bingwa kwa miezi sita humu hamna.

Cha kwanza kabla hata ya kununua raba, chukua maisha ya bingwa mmoja wa kike uyasome mwaka kwa mwaka, na ukae na binti yako muyasome wote. Mi huwa nawapa Faith Kipyegon wa Kenya kwa sababu ni jirani, kakulia kijijini, na mambo yake yako wazi. Watu wanamjua kwa dhahabu tatu za Olimpiki mita 1500, Rio 2016, Tokyo (ile iliyokimbiwa 2021) na Paris 2024, hakuna mwingine aliyewahi kuchukua mbio hiyo mara tatu mfululizo. Sawa, lakini we usianzie hapo, anzia 2010. Mwaka huo alikuwa na miaka 16, akaenda mbio za nyika za dunia za vijana kule Bydgoszcz, Poland, akakimbia peku, akashika nafasi ya 4. Mwaka uliofuata akarudi, peku tena, akachukua dhahabu. 2012 akawa bingwa wa dunia wa vijana mita 1500 uwanjani, na mwaka huohuo akapelekwa Olimpiki ya London kwa wakubwa na akatolewa kwenye mchujo wa kwanza tu. Hapo ndo pa kusimama na kumuuliza binti, je hapo alishindwa? Alikuwa na miaka 18. 2013 Moscow kwenye mashindano ya dunia akawa wa 5, 2014 dhahabu ya Jumuiya ya Madola Glasgow, 2015 fedha ya dunia Beijing, 2016 ndo dhahabu ya Rio. Hesabu mwenyewe, kutoka ile nafasi ya 4 ya nyika mpaka Rio ni miaka sita, na katikati amekula vichapo vya kutosha tu, na hakuna aliyesema huyu basi arudi nyumbani akaolewe.

Halafu 2018 akajifungua mtoto wa kike. Hii sehemu usiiruke hata kama inakupa aibu kuongea na binti yako, manake huku kwetu mimba ikiingia watu wanafunga kitabu. Kipyegon alikaa nje, akarudi 2019, na Doha mwaka huohuo akapata fedha ya dunia kwa dakika 3:54.22, wakati kabla ya kuzaa muda wake bora ulikuwa 3:56.41. Karudi na mbio zaidi ya alizoondoka nazo. 2023 ndani ya miezi miwili tu akavunja rekodi tatu za dunia, mita 1500, mita 5000 na maili. Na 2025 kule Eugene akaishusha ile ya 1500 mpaka 3:48.68, halafu Tokyo akabeba dhahabu yake ya nne ya dunia kwenye mbio hiyo. Simwambii mtu akazae ili akimbie, nasema tu kwamba kama imeshatokea basi haijaisha, na tangu mwishoni mwa 2021 serikali yetu inaruhusu msichana aliyejifungua kurudi shule, kwa hiyo na kiwanjani anarudi.

Ukimaliza huyo njoo nyumbani. Zakia Mrisho kazaliwa Singida 1984. Mwaka 2005 Helsinki, fainali ya dunia mita 5000, wanne wa kwanza wote walikuwa Waethiopia, wa tano Mchina, wa sita huyu wa Singida akiwa na miaka 21. Wa sita duniani! Na hapa mjini nina hakika ukisimama Nyerere Square ukauliza watu kumi jina lake utapata mmoja au usipate kabisa. Alirudi kukimbia Olimpiki ya Beijing 2008 na ya London 2012. Mkimbiaji mwenzie Restituta Joseph naye ni mzaliwa wa Singida. Na upande wa wanaume Alphonce Simbu, wa Singida hukohuko, ndo juzi Septemba 2025 kachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani pale kwenye utepe kwa sehemu tatu tu kati ya mia za sekunde moja, yani hata kukonyeza jicho ni muda mrefu kuliko huo. Kwa hiyo binti akisema mabingwa wanatoka Kenya na Ethiopia tu, mwambie basi la Singida linapita palepale nje kila siku. Kweli medali ya Olimpiki kwa mwanamke wa Tanzania bado, medali zetu zote mbili ni za 1980 Moscow, za wanaume, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Basi nafasi iko wazi.

Sasa kazi yenyewe. Mpime, ila mpime vizuri. Wazazi wengi wanasema "ana mbio huyo!" ukiuliza sekunde ngapi hawajui. Tafuta kipande cha barabara ya vumbi kilichonyooka na kisicho na bodaboda, chukua kamba uipime mita 20 kwa futi ya fundi, uilaze chini mara tano, weka jiwe mwanzo na jiwe mwisho, hapo una mita 100 zako. Ukipata uwanja kama Jamhuri tumia leni ya kwanza kule ndani, mzunguko ni mita 400, akikimbia leni ya nje kabisa anapiga zaidi ya 450 afu mnaanza kushangaa mbona muda mbaya. Simu yako ina saa ya kuhesabu, inatosha. Mwache apashe misuli kwanza dakika kumi na tano, kisha akimbie mara moja ukiwa umesimama mwisho, sio mwanzo, na unabonyeza ukiona mkono wa anayemwanzisha unashuka, usisubiri sauti.

Na ili aelewe kitu kinachoitwa rekodi, fanyeni hivi. Ile 3:48.68 ukiigawa ni kama sekunde 61 kwa kila mzunguko wa 400, au mita 100 kwa sekunde 15 na kidogo, mara kumi na tano bila kupumzika. Muache akimbie hiyo mia moja yenu ya mawe kwa sekunde 15. Ataweza, watoto wengi wenye mbio wanaweza, atarudi anacheka. Mwambie haya rudia. Na tena. Ikifika ya nne kicheko kimeisha na amekaa chini kashika kiuno, hapo sasa ameelewa Kipyegon anafanya nini kuliko mngeangalia video mia. Fanyeni siku moja tu kwa kujifurahisha, sio ndo liwe zoezi la kila jioni, kuna baba ataisoma hii akamkimbize mtoto mara kumi na tano kila siku, baba tafadhali.

Mazoezi kwa mwenye miaka 13 mpaka 15, siku tatu au nne kwa wiki zinamtosha, na kati ya hizo siku moja iwe mchezo tu, netiboli, rede, mpira, chochote cha kuruka na kukata kona. Siku moja mbio za taratibu dakika 20 mpaka 35, kwa kasi ambayo anaweza kuongea na mwenzie, kama hawezi kuongea anakimbia sana mwambie apunguze. Siku moja kilima, na Dodoma vilima vipo, mwinuko mfupi wa mita 60 hivi, kupanda kwa nguvu na kushuka kwa kutembea, mara sita mpaka nane. Siku moja mbio fupifupi za mita 80 au 100 akiwa amelegea mabega, sio kwa kukaza meno. Basi. Utasikia wale wa kambi ya kocha Patrick Sang kule Kaptagat, Kenya, anakofanyia mazoezi Kipyegon, wana Jumanne ya uwanjani, Alhamisi ya mbio ndefu na Jumamosi ya fatileki (kukimbia kasi na taratibu kwa kupokezana), hiyo ni ratiba ya watu wazima ambao kazi yao ni kulala na kukimbia, usimbebeshe mtoto anayechota maji na kusoma na kuosha vyombo. Tena hizo ndoo za maji zihesabu kama zoezi, siku akichota safari nyingi mpunguzie mbio.

Muda ni saa 12 asubuhi au saa 11 jioni, jua la Dodoma la saa nane halimjengi mtu. Miezi ya upepo, kuanzia kama Juni hivi, vumbi linaingia mpaka kwenye mapafu, jificheni nyuma ya miti au mbadilishe siku. Asubuhi ya giza asikimbie peke yake, mbwa ni wengi na binadamu wabaya zaidi ya mbwa wapo, awe na wenzie wawili watatu au mzazi na baiskeli nyuma. Na habari za kumpeleka mtoto wa miaka 13 kuishi kambini Arusha eti kwa sababu Dodoma tuko mita 1,100 na ushee tu juu ya bahari na kule ni juu zaidi, acha kwanza. Mwinuko unasaidia kweli, mwili unatengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, lakini huo ni msaada wa mtu aliyekwisha komaa, mtoto anahitaji mama yake na shule yake.

Viatu. Najua nimemsifia mtu aliyekimbia peku lakini yule alikimbia kwenye nyasi, huku kwetu kuna mbigili na miiba ya migunga, mvalishe raba. Mtumba wa Sabasaba unatosha kabisa, angalia soli isiwe imelika upande mmoja, ikunje katikati, ikikunjika kama karatasi iache. Spaiki, vile viatu vyenye meno chini, subiri mpaka awe anakimbia kwenye uwanja wa maana. Sidiria ya mazoezi inayobana vizuri ni lazima kuanzia matiti yanapoanza, wasichana wengi wanaacha riadha kwa aibu hii tu na hakuna anayesema. Na kwa wazee wetu wa Kondoa na Singida wanaohofia stara, sheria za riadha hazimkatazi binti kukimbia na taiti ndefu na mtandio, kwa hiyo hiyo isiwe sababu.

Kwenye chakula sisi watu wa kati tuna bahati ambayo tunaidharau. Ugali wa uwele au mtama, mlenda wenye karanga, maharage, dagaa, maziwa, hiyo ni sahani ya mwanariadha, asikudanganye mtu na unga wa kwenye kopo. Shida kubwa ya msichana anayekimbia ni damu, kila mwezi anapoteza na mbio zinadai madini ya chuma. Mboga na maharage yana chuma lakini mwili unakichukua kwa shida, unakichukua vizuri ukila pamoja na kitu chenye vitamini C, na ubuyu una hiyo vitamini kwa wingi, kwa hiyo glasi ya juisi ya ubuyu na chakula badala ya chai. Chai inazuia chuma, mpe saa moja au mbili baadae. Kila baada ya miezi michache mpime wingi wa damu zahanati, ni kipimo cha bei ndogo, ikiwa chini ya 12 hilo ni tatizo na hakuna zoezi litakalomsaidia mpaka itibiwe. Mara nyingi nasikia kocha anasema "siku hizi amekuwa mvivu huyu" wakati mtoto damu hana, au ana malaria.

Na hedhi. Akifika miaka 15 hajaanza, au alikuwa anapata halafu imekata miezi mitatu, mpeleke kwa daktari, usifurahi eti ndo amekuwa mwepesi. Mwili ukikosa chakula cha kutosha kwa kazi unayoufanyisha unazima vitu, hedhi inazimwa mapema, mifupa inafuata, na mifupa ndo inavunjika kidogokidogo kwenye muundi. Sababu inaweza kuwa nyingine vilevile, ndo maana nasema daktari, na baba usianze na fimbo. Mtu yeyote atakayemwambia binti anayekua apungue kilo ili aongeze mbio, huyo mtoe.

Tukifika kwa kocha nitasema bila kuzunguka. Kocha mzuri anakubali mzazi aje mazoezini siku yoyote bila taarifa. Safari ya mashindano lazima kuwe na mwalimu wa kike au mama mmoja wa wazazi, vyumba vya wasichana ni vya wasichana, kukandwa misuli kunafanyika mbele za watu, na simu ya binti haipokei meseji za kocha saa nne usiku. Akikwambia "mama we niachie tu huyu mtoto ntampeleka mbali", mwambie asante baba, tutaenda wote.

Mashindano yapo, usiyadharau. Shule ya msingi kuna UMITASHUMTA, sekondari UMISSETA, anapanda kutoka shule mpaka mkoa mpaka taifa, na ni kule anaonekana na watu wa riadha. Mwache akimbie mbio mbilimbili tofauti, 400 na 800, au 800 na 1500, usimfunge mapema. Kitu kimoja kinachoniudhi ni hizi mbio za barabarani za mjini, mtoto wa miaka 14 anasajiliwa kilomita 21 kwa sababu kuna bahasha, na wa nyumbani wanashangilia. Muandikishe 5, avae fulana, afurahi, mrudi nyumbani.

Mfundishe pia kwamba mbio hazishindwi kwa saa peke yake. Mtafutie ile fainali ya Rio 2016 mwangalie. Kipyegon alishinda kwa 4:08.92, muda ambao yeye mwenyewe mwaka uleule alikuwa ameupita kwa zaidi ya sekunde 12, manake mwanzo wote walikuwa wanachungana, wamejaa kama watu wanaosubiri mlango wa daladala ufunguke, halafu mwishoni moto ukawaka akampita Genzebe Dibaba ambaye ndo alikuwa na rekodi ya dunia. Mwambie binti aangalie miguu ya Kipyegon kabla ya kona ya mwisho, yuko wapi, nani yuko kulia kwake, je amefungiwa ndani? Afu jioni wakimbie watano kwa taratibu mizunguko miwili huku wamesongamana, na mita 200 za mwisho kila mtu aondoke. Hilo ni zoezi zuri kuliko kukimbizana na stopwochi kila siku.

Dawa, hapa nitakuwa mfupi. Hakuna sindano, hakuna kidonge cha "nguvu" cha dukani bila daktari aliyeambiwa kwamba huyu ni mwanariadha, dawa za kawaida tu za kifua zingine zina vitu vilivyokatazwa na mtoto hawezi kujitetea kwamba hakujua. Akifika ngazi za juu atatakiwa kusema kila siku atakuwa wapi kwa saa moja ili wapimaji wamkute, akikosekana mara tatu ndani ya miezi kumi na mbili anafungiwa, hata kama hajawahi kumeza kitu. Tabia ya kuandika na kuaga ianze nyumbani sasa hivi.

Hela ipo, sikatai, Paris 2024 kila dhahabu ya riadha ilikuwa na dola 50,000 kutoka shirikisho la dunia. Ila kabla ya hapo kuna njia za kawaida za kula. Majeshi yetu yanachukua wakimbiaji, Simbu ni askari wa JWTZ, na ajira ile ndo inamuwezesha mtu kufanya mazoezi bila kuwaza kodi ya chumba. Njia nyingine ni chuo, Nyambui alisoma Marekani, Texas kule El Paso, kwa miguu yake, na vyuo vya kule bado vinatafuta wasichana wanaokimbia, lakini vinataka na vyeti vya darasani, kwa hiyo Kiingereza na hesabu asiache. Akija mtu na mkataba, msisaini siku hiyohiyo hata kama ana haraka ya ndege, mtafute mwanasheria au hata mwalimu mmoja anayesoma vizuri, muangalie asilimia anayokata na mkataba unaisha lini.

Na makaratasi, hili lifanye wiki hii. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, jina la shule na jina litakalokuja kwenye pasipoti yafanane herufi kwa herufi, na tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli. Kuna watu watakushauri umpunguzie miaka miwili ili aendelee kukimbia na watoto, kataa, ikija kugundulika ni kufungiwa na matokeo yote yanafutwa. Kama shule wameandika Mwanahamisi na cheti kinasema Mwanahamis, nenda kawasumbue sasa hivi akiwa darasa la sita, sio siku ambayo timu inaondoka keshokutwa alfajiri na wewe bado uko foleni.